Ekari Arobaini za Kwenye Karatasi

Siku karakana ya ujenzi ilipofungwa, mvua ilikuwa imenyesha majuma matatu bila kuvuta pumzi, na vyura walikuwa wamehamia kwenye buti zetu. Tulipangwa mstari mbele ya stoo. Msimamizi akapanda juu ya pipa tupu la dizeli, na pipa lile ndilo lilikuwa hotuba yenyewe. Maneno aliyoongeza hayakuwa na kazi. Dizeli hakuna. Vipuri hakuna. Barabara ya Matai tuliyokuwa tunaichonga ingengoja. Na sisi tungengoja vilevile, ila majumbani kwetu.

Nilikuwa nimefanya kazi pale miaka minne, kubeba kokoto na kushika kamba ya kupimia. Kiinua mgongo changu kilikuwa blanketi moja la kijivu na zile buti zenye vyura. Blanketi lenyewe lilikuwa zito, acha tu. Ukijifunika jioni, asubuhi walihitajika watu wawili wa kukufukua.

Ilikuwa miaka ile ya kufunga mkanda, baada ya vita. Walioiishi hawahitaji kuelezwa, na waliozaliwa baadaye hawataamini. Sabuni ilikuwa habari: mtu akiiona mahali, alirudi mtaani kuisimulia. Moto uliombwa kwa jirani ukabebwa kwenye kigae, maana kibiriti mtu alikificha kama cheti cha ndoa. Mikanda tuliifunga mpaka matundu yakaisha, tukatoboa mengine kwa misumari.

Ndipo ikaja amri kwamba kila mwenye nguvu afanye kazi. Atakayekutwa mjini hana kazi ya kueleweka ataitwa mzururaji, atapakiwa kwenye lori, atapelekwa kwenye mashamba ya mkonge huko pwani. Mimi mkonge sikuwa nimewahi kuuona kwa macho. Niliuota tu, na katika ndoto zangu ulikuwa mmea wenye visu unaokimbia kuliko mimi.

Lakini serikali ile ile iliyokuwa na lori ilikuwa imefungua na mlango mwingine, na leo nikikumbuka naona mlango ule ulikuwa wa nia njema, ingawa bawaba zake zililia. Watu tulioachishwa kazi tuliambiwa tujiunge katika vikundi vya uzalishaji. Kila kikundi kitapewa ardhi pembezoni mwa mji, na majembe kadiri yatakavyopatikana. Ofisi ya kazi ikiona kikundi kinafanya kazi kweli, kila mwanachama atapewa kitambulisho cha kazi. Ukiwa na kitambulisho unakaa mjini na unapata mgao wako wa sukari na sabuni. Usipokuwa nacho, lori linakusubiri. Hesabu ilikuwa nyepesi hivyo.

Tulijiunga watu kumi na wanne. Mwenyekiti alikuwa dereva wetu wa lori, mtu wa Mbeya, mrefu, mpenda utaratibu, aliyekuwa akipanda kitandani kwa hatua tatu kama anapanda kebini. Mwingine alikuwa mama aliyetupikia kantini. Hata baada ya kantini kufungwa tuliendelea kumwita Mama Mpishi. Alikuwa mjane, analea wajukuu wawili waliokuwa wakisoma shule ya msingi pale mjini, na hakuwa na mtu mwingine wa kuwaachia. Kwa sisi wengine lori lilikuwa aibu na uchovu. Kwake lilikuwa watoto wawili kubaki mlangoni.

Na mimi nikachaguliwa kuwa mwandishi. Mimi, ndugu msomaji, nilikuwa msomi. Nilikuwa nimemaliza madarasa ya jioni mwaka uliotangulia, tena kwa cheti chenye mhuri. Yaliitwa ya jioni, lakini yalikwisha kabla jua halijazama, kwa sababu mafuta ya taa hayakuwepo. Tulisoma kwa haraka kuliko wanafunzi wote duniani. Somo langu lilikuwa insha. Mwalimu wetu alitoa alama kwa mapambo, na mimi nilipamba mpaka akaniomba nimhurumie.

Ardhi tuliyopewa ilikuwa bonde chini ya Milima ya Mbizi, mwendo wa saa nzima kwa miguu kutoka mjini. Tulifika pale mwishoni mwa mvua kubwa, tukakuta majani marefu yaliyotumeza. Tulipotezana mara mbili kabla hatujaanza kazi. Nasema kweli, Mwenyekiti tulimpata kwa kufuata kikohozi chake.

Mwenyekiti alikunjua karatasi aliyopewa ofisini. Ilikuwa na mchoro wa matuta yaliyonyooka kama reli, na watu wawili wenye kofia wakiyatazama kwa furaha.

"Ndugu zangu," alisema, "matuta yatakwenda hivi. Kamba hapa, kamba pale. Baina ya tuta na tuta, hatua moja."

Mama Mpishi alikuwa ameegemea jembe lake. "Na haya majani, Mwenyekiti, utayapeleka wapi?"

"Tutayachoma."

"Yamelowa. Tena utayachoma kwa kibiriti kipi? Kumbe unacho umetuficha?"

Tukacheka. Mwenyekiti akajitahidi asicheke. "Basi tutayatupa pembeni."

"Utupe chakula cha udongo pembeni, halafu uende ofisini kuomba mbolea! Nyie watu wa Mbeya udongo wenu ulishapikwa na volkano, mnakuta chakula mezani. Huku kwetu udongo tunaupikia wenyewe."

"Mama, mimi nafuata maelekezo."

"Fuata, baba. Lakini mahindi ukiyapanda leo, mvua inaondoka wiki ijayo. Utayanyweshea machozi?"

Ardhi tulikuwa tumepewa kwa kuchelewa, msimu ulikuwa umekwisha, na karatasi ya matuta haikulijua hilo. Mama Mpishi akatema mate kwenye viganja, akafyeka majani mviringo mzima, akayakusanya katikati yakawa kilima. Kisha akachimba mabonge ya udongo kandokando, mizizi na yote, akayapindua moja moja juu ya majani mpaka yakafunikwa kabisa. Kikawa kichuguu cha mviringo, kinafika kiunoni. Akakipigapiga kwa bapa la jembe kama mtu anayelaza mtoto.

Mfipa yeyote anakijua kitu hicho. Ni ntumba. Majani yanaoza humo ndani kiangazi kizima, na mvua za kwanza zikija unaibomoa, unautawanya udongo ule mweusi, unapanda ulezi. Mama yangu kule Mpui alinilea katikati ya ntumba; utotoni nilijificha nyuma ya ntumba hizo nikikwepa kuchota maji. Miaka minne ya kokoto ilikuwa imenisahaulisha, lakini nilipoona lile bapa la jembe likipigapiga, mikono yangu ilikumbuka kabla sijaiambia.

"Na Bwana Kazi akija kuangalia matuta?" Mwenyekiti aliuliza. Bwana Kazi ndivyo tulivyomwita afisa wa ofisi ya kazi.

"Atakuta ntumba. Si tuta tu lililojikunja kwa baridi?"

Basi tukapikia udongo. Majembe yalikuwa saba, watu kumi na wanne. Mmoja akilima, mwenzake anakusanya majani na kumtania. Mikono ilitoka malengelenge, yakapasuka, yakatoka malengelenge ya malengelenge. Kufikia mwezi wa sita tulikuwa tumejaza ekari tatu na kipande. Juu ya baadhi ya ntumba tulipachika maharage kidogo, mbegu tulizochangishana, yakaota machache machache kama nywele za kichwa cha babu. Hayo ndiyo yote yaliyokuwa yakionekana. Kazi yetu nyingine yote tulikuwa tumeifukia.

Sasa niseme kosa langu.

Kila mwezi kikundi kilitakiwa kupeleka ripoti. Bwana Kazi hakuweza kuja kutuona, maana gari la ofisi lilikuwa halina petroli tangu mwaka uliopita. Kuku walikuwa wanataga ndani yake. Kwa hiyo ofisi ilitegemea karatasi, na karatasi ilinitegemea mimi. Fomu ilikuwa na nafasi tatu: zao, ekari, hali ya zao. Nafasi ya ntumba haikuwepo. Nikakaa na kalamu yangu, cheti changu kikinitazama kutoka ukutani.

Kwenye zao niliandika mahindi, kwa sababu mahindi ni neno linaloheshimika. Kwenye ekari, katika ripoti ya kwanza, niliandika kumi. Ilikuwa karibu na tatu kiasi fulani, kama ukitazama kwa mbali. Ripoti ya pili niliona haya kurudia kumi, ingeonekana tumelala. Nikaandika ishirini na tano. Ripoti ya tatu kalamu ilikuwa imeshazoea kukimbia: arobaini. Shamba langu lilikuwa likikua bila mvua wala mbegu. Na kwenye hali ya zao niliandika sentensi ambayo mwalimu wangu wa insha angeilia kwa furaha: "Mahindi yamestawi kiasi kwamba tembo akiingia humo, haonekani mpaka atoke mwenyewe."

Sikuwa na nia mbaya. Nilidhani ripoti ni insha. Nilidhani kule ofisini watatoa alama.

Asubuhi moja ya mwisho wa mwezi wa sita, baridi ikiwa ya kupasua midomo, tulimwona mtu anakuja kwa baiskeli, anaisukuma zaidi kuliko anavyoiendesha. Alikuwa Bwana Kazi. Koti limefungwa mpaka shingoni, suruali imebanwa kwa kamba, na mkononi ana karatasi. Mimi niliijua ile karatasi tangu mbali.

Alikuwa kijana kuliko Mwenyekiti, naye mtu wa Mbeya, mwenye adabu za kanisani. "Shikamoo, mama," alimwamkia kwanza Mama Mpishi.

"Marahaba, baba. Karibu. Umekuja kututembelea au baridi imekusukuma?"

"Nimekuja kumtafuta tembo."

Wenzangu wakatazamana. Ripoti zangu sikuwa nimewasomea.

Bwana Kazi akazungusha macho bonde zima. Vichuguu mstari kwa mstari, vya mviringo, vya udongo mtupu, mpaka chini mtoni. Akavua kofia.

"Haya makaburi ni ya nani?"

"Ni ntumba," Mwenyekiti akasema.

"Mahindi yako wapi?"

"Mahindi gani, ndugu?"

Bwana Kazi akafungua karatasi akasoma kwa sauti, kutoka zao mpaka tembo. Hakuruka hata nukta. Aliposema arobaini, mtu mmoja nyuma yangu akapiga mluzi. Aliposema tembo, hakuna aliyecheka, na mimi niliyekuwa nimeiandika niliona jinsi ilivyo ndefu.

"Msomi," Mama Mpishi akaniambia polepole, "hilo shamba ulilima lini sisi tukiwa wapi?"

Ningeweza kufukiwa ndani ya ntumba siku ile nikashukuru.

Bwana Kazi alikuwa anatetemeka, sijui kwa baridi au hasira. "Orodha ya vikundi vinavyofanya kazi inakwenda juu siku ya Ijumaa. Nyinyi mlikuwa wa kwanza kwenye orodha. Wa mfano! Sasa nawaandikaje? Hakuna tuta hata moja. Hakuna zao. Kuna majani yaliyozikwa. Nitawaweka kwenye orodha ile nyingine."

Orodha ile nyingine ilikuwa ya lori.

Nilijitokeza mbele. "Ndugu Afisa, karatasi niliandika mimi peke yangu. Hawa hawakujua. Niweke mimi kwenye lori, wao uwaache."

"Wewe utakwenda hata bila orodha," alisema.

Mama Mpishi alikuwa hatusikilizi. Alikuwa ameinama kwenye ntumba moja mpya, iliyojengwa siku chache nyuma kwa majani mabichi ya mtoni, na kwa mkono anachimba tundu ubavuni mwake. Akasimama.

"Bwana Kazi, baba yangu. Unasikia baridi?"

"Mama, tuna mazungumzo hapa."

"Leta mkono."

"Wa nini?"

"Leta mkono, siuli."

Alikuwa na sauti iliyowahi kuamuru wafanyakazi sitini wapange mstari wa ugali, na Bwana Kazi, pamoja na cheo chake, akaleta mkono. Mama akaushika kwenye kifundo akauzamisha ndani ya ntumba mpaka kiwikoni.

Nilimtazama usoni. Kwanza alikunja uso, kama mtu aliyeshika kitu kisichojulikana. Kisha uso ukafunguka. Hakuutoa mkono.

"Kuna moto," alisema.

"Hakuna moto. Kuna kazi. Majani yanapikika. Sasa weka na ule mwingine, utakufa ganzi."

Akaweka na wa pili. Akabaki vile, afisa wa serikali amepiga magoti kwenye majani, mikono yote miwili ndani ya udongo, mvuke mwembamba unatoka kandokando ya mikono ya koti. Ungeweza kuchemsha yai humo, na chai ya kuteremshia.

Mama Mpishi akamweleza, taratibu, kama anayefundisha mtu kusonga ugali: majani yatalala humo mpaka mvua za kwanza, ndipo ntumba zitabomolewa, utapandwa ulezi, na mwakani baada ya mavuno ardhi hiyo hiyo itapokea mahindi bila kumwomba mtu mbolea. "Matuta ya karatasi yako ni mazuri," alimalizia. "Lakini kwa haya majani, yangeota tena juu ya tuta ndani ya mwezi. Ungekuta tumefuga nyasi."

Bwana Kazi akasimama, akapangusa mikono. Akaiangalia ile karatasi yangu kutoka juu mpaka chini. Aliyoyasema baadaye sikuyategemea.

"Hapa chini pana sahihi yangu," aliniambia. "Unaiona? Umedanganya kwa kuandika, nami nimedanganya kwa kusaini kitu sijakiona. Nimeipeleka mkoani nikijisifu. Wewe una kosa lako, mimi nina langu."

"Ndiyo, Ndugu Afisa."

"Nitaandika barua ya kujisahihisha. Itaniuma. Kikundi nitakiombea vitambulisho vya muda, vya karatasi, mpaka ulezi huu unaosemwa uvunwe. Kila mwezi utaniletea ripoti nipige mhuri upya. Na utafuata sharti moja." Akanyoosha kidole kilichojaa udongo mweusi. "Andika ulichokigusa kwa mkono wako. Usichokigusa, usikiandike."

"Na tembo?" Mwenyekiti akauliza, na hapo ndipo watu wakacheka, hata Bwana Kazi, ingawa aligeuka upande kwanza.

Basi nikaanza kuandika kwa kugusa. Hakuna kazi ngumu kama hiyo. Kokoto zilikuwa pamba. Kila mwisho wa mwezi nilizunguka bonde zima nikigusa ntumba moja baada ya nyingine, na wenzangu wakinizomea: "Hiyo umeiruka, msomi! Irudie, itanuna!" Ripoti yangu ya kwanza ya kweli ilikuwa na mistari minne. Nilijiona uchi. Bwana Kazi aliisoma, akaigeuza nyuma kutazama kama kuna mapambo yamejificha, akapiga mhuri.

Kitambulisho cha muda kilikuwa kipande cha karatasi laini kiasi kwamba ukipiga chafya kinaondoka. Mama Mpishi alikifunga katika plastiki akakitia kifuani. Mara moja mgambo alitusimamisha sokoni tukinunua dagaa wa Kirando, akakishika kichwa chini, akakisoma hivyo hivyo kwa muda mrefu, akatikisa kichwa akasema, "Hiki kinaisha mwezi huu."

"Kinaisha kila mwezi, mwanangu," Mama Mpishi alimjibu. "Na kila mwezi kinafufuka. Kigeuze, utakiona vizuri."

Hali haikuwa rahisi, nisije nikarudia makosa yangu. Wawili kati yetu walikata tamaa wakarudi vijijini kwao. Nafasi zao tukawachukua watu wawili wa karakana ile ile waliokuwa wanashinda wamejificha. Kiangazi kilikuwa kirefu. Mwenyekiti kila asubuhi, kabla ya kuja shambani, alipitia karakana kulifuta vumbi lori lake, lililokuwa limesimama juu ya mawe bila matairi, bila betri, bila matumaini. Tulimcheka. Alisema gari lisilofutwa linasahau kuwa gari.

Mvua za kwanza zilipogonga, Mama Mpishi alipika pombe, tukaita majirani wa bonde lile waje kutusaidia kubomoa, kama inavyofanyika Ufipa tangu zamani: unakuja na jembe lako, unarudi na wimbo wako. Tulitegemea watu ishirini. Wakaja mia tatu. Haya, walikuwa kama hamsini, lakini walilima kama mia tatu. Bwana Kazi naye akaja, na jembe alilolinunua mwenyewe, mpini bado mweupe. Pombe hakunywa kwa ajili ya dini yake, akanywa uji. Lakini alipopiga jembe kwenye ntumba yake ya kwanza, udongo ukaporomoka mweusi, laini, una minyoo ya kushiba, na majani yote yale yaliyotumeza hayamo. Yeye akaokota konzi moja akainusa.

"Yamekwenda wapi?" aliuliza.

"Hayajaenda," Mama Mpishi akamwambia. "Unayanusa."

Ulezi ukapandwa. Ukaota. Sitausifia kuota kwake kwa sababu nilikuwa nimeapa. Nasema tu kwamba niliugusa kila mwezi, na kila mwezi mkono wangu ulipanda juu zaidi: kifundoni, gotini, kiunoni. Mwezi wa tano wa mwaka uliofuata masuke yalikunja ngumi, na sisi na visu vyetu vidogo tukaingia kuvuna.

Ndipo tulipopata taabu mpya, taabu nzuri. Magunia hayakuwepo. Mkoa mzima ungetafuta usingepata gunia lisilo na kiraka. Tulijaza vihenge vya majirani. Tukajaza mapipa ya dizeli ya karakana, yaliyosafishwa kwa majivu siku tatu. Masuke bado yalikuwa yamerundikana shambani, na wingu likaonekana Mbizi.

Mwenyekiti akasimama akitazama rundo lile. Kisha akaondoka bila kuaga, na tulipomfuata hadi karakana tulimkuta juu ya lori lake bovu, anafagia bodi.

"Leteni," alisema. "Limekaa bure muda mrefu."

Siku mbili tulipita barabarani na vikapu vichwani, msafara kutoka bondeni hadi karakana, watoto wa shule wakitushangilia, wajukuu wawili wa Mama Mpishi wakiwa mbele kabisa kana kwamba shamba ni lao. Bodi likajaa. Mwenyekiti akaongeza mbao pembeni. Likajaa tena. Tulifunika kwa turubai, na juu ya turubai nikaweka lile blanketi langu la kijivu, maana hakukuwa na upepo ambao ungeweza kuling'oa.

Nikaandika ripoti yangu. Niligusa kila kihenge, kila pipa, kila kona ya bodi la lori. Niliandika nilichokigusa, neno kwa neno, nikaipeleka ofisini. Vitambulisho vya kudumu vingetoka au visingetoka kwa karatasi ile.

Bwana Kazi alisoma. Akaweka kalamu chini.

"Umeanza tena."

"Nimegusa, Ndugu Afisa. Naapa."

"Lori limejaa ulezi?"

"Na mbao pembeni."

"Lile lisilo na matairi?"

Akachukua baiskeli yake. Alipanda kwenye lile lori kwa buti za ofisini, akafunua blanketi langu (akaomba msaada), akafunua turubai, akazamisha mikono yote miwili kwenye masuke mpaka kiwikoni, vilevile kama siku ile ya baridi. Akakaa hivyo, amepiga magoti juu ya ulezi. Mama Mpishi alikuwa chini anamtazama, mikono kiunoni.

"Kuna baridi leo, baba?"

"Hapana, mama," alisema. "Leo hakuna."

Aliposhuka alinivuta pembeni, akanirudishia ripoti yangu. "Sikiliza. Mimi nimegusa. Wao kule juu hawajagusa, na jina lako wanalikumbuka kwa ajili ya tembo. Tukipeleka hii hivi ilivyo, watacheka, vitambulisho vitakaa. Andika nusu."

"Nusu? Lakini ni kweli!"

"Andika nusu, ndugu yangu. Nusu wataiamini."

Basi nikakaa pale pale, kwenye ngazi ya lori, karatasi juu ya goti, nikakata ukweli katikati. Mkono uliandika polepole kama wa mtoto anayejifunza herufi. Katika maisha yangu yote ndiyo mara pekee niliyopunguza kitu, na ilipunguzwa kwa amri ya serikali. Nusu ile ilipanda juu, ikaaminiwa, ikarudi baada ya majuma matatu na vitambulisho kumi na vinne vya kadi ngumu, visivyoisha kila mwezi. Cha Mama Mpishi aliomba kwenye nafasi ya kazi waandike mpishi, na Bwana Kazi aliandika bila kuuliza anapika nini. Mama alikitoa kwenye plastiki kila alipompata mtu wa kumwonyesha, na wajukuu walimaliza shule pale pale mjini, mlango ule ule.

Mwenyekiti matairi aliyapata miaka miwili baadaye. Alikuta punje za ulezi zimeota kwenye nyufa za bodi, akakataa kuzing'oa, akaendesha hivyo mpaka Matai na kurudi.

Ulezi wenyewe, nikisimulia leo, ulijaza malori mawili. Haya, moja. Lakini moja hilo na mbao pembeni.